Mbio ndefu hazina hatia: utawala wa dereva mmoja unaanzia kwenye tairi

Januari 2026 NASCAR, chombo kinachosimamia mbio kubwa za magari ya stoki (yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani) nchini Marekani, imeachana na mtindo wa kumpata bingwa kwa mbio moja ya mwisho na kurudisha mfumo wa Chase: madereva 16, mbio 10, pointi zinajumlishwa hadi mwisho bila mchujo njiani, na mshindi wa kila mbio anachukua pointi 55 badala ya 40. Miezi michache nyuma, Oktoba 2025, ilikuwa imetangaza pia kwamba injini zitapandishwa kutoka nguvu ya farasi 670 hadi 750 kwenye viwanja vyenye urefu wa chini ya maili 1.5 na kwenye vile vyenye kona za kushoto na kulia. Mashabiki wengi wamezipokea hatua hizo kwa shangwe, kisha wakarudi kwenye lalamiko lao la siku zote: mbio ni ndefu mno. Wanasema mtu mmoja anaongoza mizunguko 400 kati ya 500, watazamaji wanasinzia, basi zikatwe zibaki 300 na ushindani utarudi wenyewe.

Hoja hiyo ni rahisi kuielewa na rahisi kuirudia, na ndiyo maana inaenea. Lakini lawama imesukumiwa asiyehusika. Dereva anatawala mwanzo mwisho kwa sababu tairi hazichakai na kwa sababu hewa inalipendelea gari lililo mbele. Urefu wa mbio ni kati ya vitu vichache vilivyobaki vinavyoweza kumwangusha huyo anayetawala. Ukikata mizunguko bila kugusa tairi, unamlinda aliye mbele, na mbio utakazopata zitakuwa zilezile za kuchosha, ila zitaisha mapema.

Tuanze na historia, maana wengi wanaongea kana kwamba utawala umeletwa na magari ya sasa. Mwaka 1965 kule Darlington, Ned Jarrett alishinda Southern 500 kwa tofauti ya mizunguko 14 dhidi ya mshindi wa pili. Mwaka 1967 Richard Petty alishinda mbio 27 kwa msimu mmoja, 10 kati ya hizo mfululizo. Mwaka 1973 Cale Yarborough aliongoza mizunguko yote 500 ya Bristol, hakuna mwingine aliyeonja uongozi hata mara moja. Septemba 2000 Jeff Burton akafanya hivyohivyo New Hampshire, mizunguko 300 kwa 300. Na kilele kwa upande wa umbali ni Coca-Cola 600 ya mwaka 2016 kule Charlotte, ambapo Martin Truex Jr. aliongoza mizunguko 392 kati ya 400, sawa na maili 588, umbali ambao hakuna dereva mwingine aliyewahi kuuongoza katika mbio moja ya NASCAR. Siku ile ndiyo iliyowapa silaha wanaotaka mbio zifupishwe. Walisema maili 600, karibu kilomita 966, ni mateso kama mshindi ameshajulikana tangu jua halijazama.

Maili 600 hizo hazikupangwa kwa bahati mbaya. Mbio za kwanza za Charlotte zilifanyika Juni 1960, zikapewa maili 100 zaidi ya zile za Indianapolis ili ziwe kipimo cha mwisho cha uvumilivu wa chuma na mwanadamu. Lami ilikuwa mpya, ikabanduka kwenye kona, mawe yakawa yanaruka, na Joe Lee Johnson akashinda kwa sababu gari lake lilifika mwisho. Zama hizo umbali ulikuwa mwamuzi: injini zilikufa, ekseli zilikatika, rejeta zilichemka. Aliyekuwa na gari la kasi kuliko wote hakuwa na hakika ya lolote hadi bendera ya mwisho. Leo mambo ni tofauti kabisa. Tangu 2022 timu zote zinatumia gari la Next Gen ambalo vipuri vyake vingi vinatoka kwa mtengenezaji mmoja aliyeidhinishwa, na injini kufa katikati ya mbio limekuwa jambo la nadra. Hapa wanaotaka ufupisho wana hoja ya kweli, na nadhani ndiyo bora waliyo nayo: kama umbali ulikuwa wa kuvunja magari, na magari hayavunjiki, umbali umebaki wa nini?

Jibu lilionekana Mei 25, 2025, palepale Charlotte. William Byron alikuwa na gari bora kuliko wote. Coca-Cola 600 hugawanywa awamu nne za mizunguko 100 kila moja, na Byron alishinda awamu zote tatu za mwanzo. Kwa jumla aliongoza mizunguko 283. Ross Chastain aligonga gari lake mazoezini Jumamosi, timu ikakesha kuandaa gari la akiba, akaanza wa mwisho, nafasi ya 40. Zikiwa zimebaki mizunguko 6 alimpita Byron na kushinda. Sasa tazama hesabu ya urefu. Bendera ya mwisho ingepigwa maili 150, mshindi ni Byron. Ingepigwa maili 300, Byron. Maili 450, Byron tena. Ilibidi zifike maili 600 ndipo matokeo yabadilike. Najua mbio zingepangwa fupi timu zingepanga mikakati tofauti, kwa hiyo hesabu hii haiwezi kuchukuliwa neno kwa neno. Hata hivyo inatosha kuonesha upande ambao umbali unavuta: ulimpa mwanya aliyeanza nyuma.

Umbali unafanya kazi hiyo kwa njia inayoeleweka. Mbio za Charlotte huanza baada ya saa kumi na mbili jioni ya huko, jua likiwa bado linachoma lami, na huisha usiku. Lami ikipoa, tairi hushika zaidi na tabia ya gari hubadilika. Gari lililokuwa likiteleza mkia jioni huanza kugoma kukata kona usiku. Fundi mkuu wa kila timu anapaswa kulifuata badiliko hilo kila gari linaposimama piti, yaani kituo cha kubadilisha tairi na kujaza mafuta: anapunguza au kuongeza upepo wa tairi kwa nusu paundi au paundi moja, anaagiza springi ya nyuma izungushwe robo au nusu zamu kwa spana ndefu inayopitishwa kwenye kioo cha nyuma. Anayepatia saa moja jioni si lazima apatie saa nne usiku. Mbio zikiisha kabla lami haijapoa, mtihani huo unafutwa, na anayebaki na faida ni yule aliyetoka gereji na gari zuri la jioni.

Pamoja na hayo, siwezi kudai kwamba umbali peke yake unatosha, maana Truex alitawala kwenye uwanja huohuo na umbali huohuo. Kwa nini basi Byron alipitwa na Truex hakupitwa? Hapa ndipo inabidi tuondoke Charlotte twende Bristol, kwa sababu Bristol imetupa jaribio ambalo hata mtu angelipanga makusudi asingelipanga vizuri zaidi.

Bristol ni bakuli la zege lenye mzunguko wa maili 0.533, kama mita 858. Machi 2024 mbio za mizunguko 500 zilianza na kila mtu akitegemea tairi zilezile zilizotumika vuli ya 2023 zitafanya kazi kama zilivyofanya wakati huo. Hazikufanya. Dawa ya kunatisha iliyopakwa mstari wa chini ilikuwa ya aina nyingine, hali ya hewa ilikuwa ya baridi, na raba badala ya kujipaka kwenye zege ilikuwa inang'oka vipande vidogo vidogo kama punje na kutupwa nje ya mstari. Zege likabaki tupu, likawa linasaga tairi kama tupa. Baada ya makumi machache ya mizunguko tairi za kulia, ambazo ndizo zinazobeba uzito mwingi gari linapokata kona za kushoto, zilikuwa zimefikia nyuzi za ndani. Zilipasuka. NASCAR ililazimika kuruhusu seti ya ziada. Madereva wakajifunza hapohapo kubana mwendo, kuinua mguu mapema, kutoharakisha kumpita mwenzao. Uongozi ulibadilika mara 54 kati ya madereva 16, rekodi kwa viwanja vifupi, na magari 5 tu yalimaliza kwenye mzunguko mmoja na mshindi, Denny Hamlin.

Septemba mwaka huohuo wakarudi kwenye zege lilelile, mizunguko ileile 500, magari yaleyale na tairi zilezile. Safari hii raba ilijipaka kwenye zege, mstari mweusi ukatokea, na tairi zikawa zinakanyaga raba badala ya kukanyaga zege. Hazikuchakaa. Kyle Larson akaongoza mizunguko 462. Aprili 2025, tena Bristol, tena mizunguko 500, Larson akaongoza 411. Septemba 2025 Goodyear, kampuni inayotengeneza tairi za NASCAR, ilileta tairi laini zaidi upande wa kulia, tairi zikaanza kuliwa upesi, madereva wakarudi kubana mwendo na kulinda raba, na Christopher Bell akashinda mbio ambazo hakuna aliyeweza kuzishikilia peke yake.

Mbio nne, urefu mmoja. Mbili zilikuwa za vita, mbili zilikuwa za mtu mmoja. Kama urefu ndio chanzo, ulikuwa wapi Machi 2024? Halafu kuna jambo ambalo wanaolaumu urefu hulisahau: mizunguko 500 ya Bristol ni maili 266.5 tu. Haifiki nusu ya Coca-Cola 600, na zikienda bila ajali nyingi huisha chini ya saa tatu. Yaani mbio wanazozitaja zaidi kama ushahidi wa urefu kupindukia ni miongoni mwa zile fupi kwenye kalenda ya viwanja vya mduara.

Uchakavu wa tairi unaamua mambo kwa hesabu ya kawaida ya sekunde. Tuseme gari lenye tairi mpya linazunguka Bristol kwa sekunde 15.5, na baada ya mizunguko 50 linashuka hadi 16.5. Dereva aliyetangulia kubadilisha tairi anavuna sekunde nzima kila mzunguko, na pengo la sekunde 8 analifuta kwa mizunguko 8. Kila fundi mkuu basi ana uamuzi mgumu wa kufanya: asimame sasa apoteze nafasi, au avute muda na kuhatarisha tairi kupasuka? Wawili wakiamua tofauti, uongozi unabadilika. Sasa tuseme tofauti kati ya tairi mpya na kuukuu ni sehemu 2 za kumi za sekunde. Pengo lilelile linahitaji mizunguko 40, na kabla hajafika, zake nazo zimekuwa kuukuu. Kusimama piti Bristol bila bendera ya njano, ile inayopunguza mwendo wa magari yote baada ya ajali, kunagharimu zaidi ya mzunguko mzima. Hakuna fundi atakayeruhusu hasara hiyo kwa faida ndogo namna hiyo. Wote watasimama pamoja, wote watatoka pamoja, na aliyekuwa mbele atabaki mbele.

Juu ya hilo kuna hewa. Gari lililo mbele linakata hewa iliyotulia, inayolikandamiza chini na kulipa pua mshiko. Linalofuata linapokea hewa iliyovurugwa, pua inapoteza mkandamizo, na dereva anageuza usukani huku gari likiendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ukutani. Inabidi aachie mafuta kidogo. Hapo ndipo anapopoteza kile alichokipata kwenye mstari ulionyooka. Next Gen, yenye sakafu bapa, difyuza (mkondo wa hewa) nyuma, tairi pana kwenye rimu za inchi 18 na giaboksi ya gia 5 za kupandisha kwa mfuatano, ilipunguza tatizo hilo kwenye viwanja vya maili 1.5 na kulizidisha kwenye vifupi. Viwanja vifupi vilitegemea dereva mmoja kukosea breki au kuzidisha mafuta akitoka kona. Mshiko ukiwa mkubwa na nguvu ikiwa farasi 670, makosa hayo hupungua sana. Dereva hushusha gia, hupandisha, na gari humsamehe. Farasi 750 zitaongeza kazi ya mguu wa kulia na kuunguza tairi za nyuma haraka zaidi. Ni hatua njema. Ila farasi 80 za ziada juu ya tairi ngumu hazitafua dafu, na ningependa mashabiki wanaozisubiri kwa hamu walijue hilo mapema.

Kama Bristol haikumshawishi mtu, kuna Kansas. Mei 2024 Larson alimshinda Chris Buescher pale kwa sekunde 0.001, tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya ligi hiyo. Mei 2025, uwanja uleule, maili 400 zilezile, aina ileile ya gari, Larson huyohuyo aliongoza mizunguko 221 kati ya 267. Hakuna aliyesema mbio za 2024 zilikuwa ndefu. Mbio hazilalamikiwi urefu zinapokuwa nzuri.

Basi tupime upande wa pili: je, mbio fupi huleta ushindani? Mwaka 2025 tulikuwa na ushahidi tele. Shane van Gisbergen kutoka New Zealand alishinda mbio 5 kwenye viwanja vya kona za kushoto na kulia na mitaani, ambazo ni miongoni mwa zile fupi zaidi. Mexico City alishinda kwa zaidi ya sekunde 16. Sonoma, maili 219 tu, aliongoza mizunguko 97 kati ya 110. Chicago, maili 165 kwa mizunguko 75, alianza wa kwanza na kumaliza wa kwanza. Ufupi haukumsumbua hata chembe. Ulimpunguzia nafasi za kukosea. Na ukitaka mfano wa uwanja uliofupishwa kwa makusudi, mbio za machipuko za Martinsville zilikatwa kutoka mizunguko 500 hadi 400 mwaka 2022. Mwaka huohuo wa kwanza, usiku wa baridi, Byron aliongoza mizunguko 212 na kupitana kulikuwa kwa nadra mno. Mizunguko 100 iliondoka na adha ikabaki.

Kuna hoja nyingine za ufupisho ambazo siwezi kuzipuuza. Televisheni inapenda kipindi cha saa tatu, na mkataba wa haki za matangazo ulioanza 2025 umeleta wasambazaji wa intaneti ambao watazamaji wao hubonyeza na kuhama bila huruma. Mtazamaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa anabeba mzigo mkubwa zaidi: Coca-Cola 600 kwetu huanza kama saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu, na zikikosa mvua huisha kunakaribia kupambazuka. Mwaka 2022, baada ya mizunguko ya nyongeza, zilifikia mizunguko 413, maili 619.5, mbio ndefu kuliko zote katika historia ya NASCAR. Mtu anayeingia kazini saa mbili asubuhi ana haki ya kunung'unika. Nakubali pia kwamba si kila uwanja unastahili umbali ulionao. Pocono ilipunguzwa kutoka maili 500 hadi 400 mwaka 2012 na hakuna kilichopotea, kwa sababu pale maili 100 za katikati zilikuwa msafara mtupu. Hizo ni hoja za ratiba na usingizi, na zina uzito wake. Tatizo ni zinapovishwa vazi la ushindani, kwamba ukikata umbali utapata vita. Hapo ndipo zinapodanganya.

Hesabu ya piti inaweka jambo hili wazi zaidi. Gari linaposimama, watu 5 wanaruka ukuta: mwenye jeki, wafungaji nati wawili, mbeba tairi mmoja na mjaza mafuta. Jeki inanyanyua upande wa kulia, nati moja ya katikati inafunguliwa kwa mashine ya upepo, tairi inatoka, mpya inaingia, nati inakazwa, wote wanakimbilia kushoto na kurudia. Kazi yote ni kama sekunde 9 au 10. Nati ikigongwa kabla tairi haijakaa sawa, inakula nyuzi na sekunde 5 zimekwenda. Mfungaji akiamini imekaza kumbe haijakaza, gurudumu linachomoka barabarani na adhabu inafuata. Mtungi wa mafuta usipokaa vizuri mdomoni, gari linatoka na tangi nusu, kama ilivyomkuta Hamlin Charlotte mwaka 2025 alipokuwa akiwania ushindi, akalazimika kurudi tena. Dereva naye akizidi kidogo mwendo wa piti, anaadhibiwa. Kila kusimama ni mlango wa kosa. Anayetawala mbio za kusimama mara tatu ana milango mitatu ya kupita salama. Wa Coca-Cola 600 ana mingi zaidi. Ukifupisha, unafunga milango hiyo.

Wapo wanaosema utawala uachwe kama ulivyo, kwamba aliyejenga gari bora anastahili kuondoka peke yake. Nina heshima kubwa kwa msimamo huo, na tukio la Phoenix Novemba 2025 linautetea vizuri. Hamlin aliongoza mizunguko 208 kati ya 312 iliyopangwa, ubingwa wake wa kwanza ukiwa mkononi. Zikiwa zimebaki mizunguko 3 tairi ya Byron ikaharibika, bendera ya njano ikatoka, Hamlin akabadilisha tairi nne na Larson mbili. Ryan Blaney alishinda mbio, Larson akamaliza wa tatu, mbele ya wapinzani wake wa ubingwa, na kuwa bingwa bila kuongoza hata mzunguko mmoja siku hiyo. Larson hakuvunja sheria yoyote, na fundi wake aliamua vyema. Lakini ushindani wa namna hiyo unatoka kwenye bendera ya njano na mizunguko miwili ya nyongeza, haukujengwa na mbio zenyewe. Mfumo wa Chase unapunguza uwezekano wa msimu mzima kuamuliwa hivyo, na ni sahihi kufanya hivyo. Chastain kumpita Byron kwenye lami ni kitu kingine kabisa. Alimfuata, akamkaribia, akampita kwa gari lililokuwa limetengenezwa vizuri zaidi kwa saa ile ya usiku. Mtu anayependa utawala wa haki hana sababu ya kuukataa ushindi kama huo.

Huku kwetu tunao mfano wa karibu. Safari Rally ya zamani ilikuwa ya maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi kwa umma. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 sehemu za ushindani zilikuwa kilomita mia chache tu. Toyota imeshinda kila Safari kuanzia 2021 hadi 2025, na mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi nne za kwanza zote. Zipo sababu nyingi za hilo, zikiwemo idadi ya timu na uimara wa gari lenyewe, na sitaki kuifanya rali kuwa mbio za mduara. Ila anayeamini kwamba kufupisha kunavunja utawala hatapata msaada Naivasha.

Kinachopaswa kufanywa kinajulikana. Goodyear na NASCAR wapange kila uwanja kiwango cha uchakavu wanachokilenga, wakitangaze, na wakipime kwa joto tofauti za lami, kwa sababu Bristol imeonesha kwamba tairi ileile inaweza kuwa mbili tofauti kati ya Machi na Septemba. Tairi ya kulia ilainishwe hadi dereva anayekanyaga bila kufikiri alipie kabla ya nusu ya tangi kuisha. Hilo lina hatari yake: tairi laini kupita kiasi hupasuka na kumgongesha mtu ukutani kwa kosa lisilo lake, kwa hiyo majaribio yafanywe kwa magari mengi kwa pamoja, maana gari moja au mawili hayawezi kupaka raba ya kutosha kuonesha ukweli wa uwanja. Uwiano wa gia upangwe ili kubadilisha gia katikati ya kona kusiwe na faida. Nguvu ya farasi 750 ipewe msimu mzima kabla ya kuhukumiwa. Mambo hayo yakishafanyika, kama bado kuna uwanja ambao robo ya mbio ni msafara, ukatwe maili 100 na mimi nitaunga mkono, kama Pocono.

Bristol ndiyo inayotoa jibu, na shabiki hahitaji zaidi ya saa ya kupimia sekunde kulisoma. Aandike muda wa kiongozi kwenye mzunguko wa 5 baada ya tairi mpya, kisha kwenye mzunguko wa 50. Tofauti ikifika sekunde moja, akae macho hadi mwisho. Ikiwa ni sehemu 2 za kumi, malalamiko yake ayapeleke kwa wanaotengeneza tairi, na mizunguko 500 aiache ilivyo.